Feni, Nati za Masikio na Mama Watoto

Jina Nakuru husemwa limetoka kwa Wamaasai, maana yake mahali pa vumbi. Hawakukosea. Na wao walikuwa na ng'ombe tu; wangekuwa na kompyuta wangehama.

Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, huku mtaa wa Kaptembwo mjini Nakuru. Usidhani ni mambo makubwa: mashine tatu za mitumba, printa yenye kikohozi, na benchi. Vumbi la barabarani likiingia dukani haliulizi bei kama mteja. Linapita moja kwa moja hadi ndani ya sipiyu. (Najua, sipiyu ni kile kidude kidogo cha ndani. Lakini hebu mwambie mtu wa hapa "kasha la kompyuta" uone kama hatakupa pole ya msiba.) Likishafika huko linaganda kwenye feni, feni inaanza kulia. Wiki ya kwanza inalia kama mbu, ya pili kama posho mili. Ikinyamaza ndio umekwisha, kwa sababu mashine ikipata joto hujizima bila hata kukuaga.

Yangu ilichagua kunyamaza tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru. Foleni imefika kwa muuza mahindi. Mzee mmoja ananiambia, "Kijana, nikipigwa faini utalipa wewe." Mimi niko chini ya meza, bisibisi mdomoni, namjibu kwa mguno.

Na feni yenyewe ni nini? Plastiki ya milimita 120, volti 12, bei yake haimfikii kuku wa kienyeji. Lakini aliyeiweka mle aliificha kama mahari. Utoe kifuniko, utoe disiki, utoe kizimba cha plastiki, ndipo ukutane na skrubu nne nono zilizojichimbia njia kwenye plastiki ya feni. Ukizifungua mara mbili, mara ya tatu hazishiki, zinazunguka tu. Halafu kichwa cha waya nacho kina umbo la peke yake, ili feni ya watu wengine isikanyage hapo. Huo ni ubinafsi wa kiwandani.

Nikasema basi. Nilienda duka la vyuma nikanunua bolti nne za milimita 4, urefu 40, maana feni ina unene wa 25, pamoja na nati za masikio, zile za kukaza kwa vidole. Bolti nikazipitisha kutoka upande wa mbele wa bati zikaingia ndani. Nikakata vipande vya blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu, nikaweka kati ya bati na feni isitetemeke, nikamalizia na nati. Bisibisi ikapumzika.

Kwenye waya nilikata mkia wa feni iliyokufa, kile kichwa cha maringo nikakiacha kimechomekwa palepale, kisha nikaunga feni mpya kwa konekta ya skrubu ya mafundi wa stima. Mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu. Wa njano nikauacha ukining'inia, wa kazi gani? Kumbe huyo ndiye mmbea wa nyumba! Yeye ndiye anayepeleka habari kwenye bodi kwamba feni inazunguka. Kila nikiwasha, mashine inaandika feni imekufa, bonyeza F1, na feni naiona inazunguka kama kichaa. Nikamrudisha mmbea kazini, malalamiko yakaisha.

Sitaki kueleza sana kuhusu siku niliyoifunga kinyume. Hewa hutokea upande ule wenye vile vikono vinavyoshika mota. Mimi nikavielekeza kwa mteja. Vumbi lote la mle ndani lilimkuta dada wa watu amepaka poda ya harusi.

Baada ya hapo nikawa na kiburi. Kubadilisha feni dakika mbili! Nikamwita mama watoto aje aone. "Hata mtoto anaitoa," nikamwambia, nikafungua nati kwa vidole viwili kama mwanamazingaombwe. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nikadhani amependezwa.

Juzi jioni mashine ikazima. Nafungua kifuniko: nati nne zimepangwa vizuri juu ya disiki, feni haipo. Nyuma ya duka nikasikia mlio ninaoujua. Feni iko mbele ya jiko, imeungwa kwa betri kuukuu ya pikipiki, makaa yamewaka hadi sufuria inaruka.

"Si ulisema hata mtoto anaitoa?" akasema bila kugeuka. "Nilimtuma mtoto."

Maharagwe yalikuwa yameshaiva. Mteja aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi bado alikuwa kwenye benchi anasubiri, nikampelekea sahani.