Bibi Harusi Kaingia na Wimbo wa Mgonjwa

Kabla hamjanicheka, mjue kwamba mwaka 2004 wimbo ule ulipigwa kila mahali. Ulipigwa kwenye daladala za Mbagala, ukapigwa kwenye baa za Sinza, ukapigwa kwenye kipaimara, ukapigwa hata kwenye bethidei ya mtoto wa jirani yetu, na watoto wakauimba mstari kwa mstari huku keki imewajaa mdomoni. Nazungumzia "Starehe" ya Ferooz, wimbo wa Bongo Fleva, na rapa Professor Jay ndani yake. Kijana kaponda raha mpaka kaukwaa UKIMWI, sasa yuko hoi anasimulia majuto yake. Na sisi tulikuwa tunaucheza! Macho tumefumba, mabega yanakwenda taratibu, bia mkononi.

Ndivyo tulivyokuwa. Wimbo usio na ujumbe tuliuona kelele. Wazee waliuita muziki wetu wa kihuni, kwa hiyo ili baba asiizime redio ilibidi msanii afundishe kitu. Na cha kufundisha kilikuwepo. Rais Mkapa alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, na hapakuwa na ukoo usiojua njia ya makaburini. Basi mwanafunzi alipata mimba kwenye wimbo, kijana alikuja mjini akalala stendi kwenye wimbo, mbunge alidanganya wapiga kura kwenye wimbo. Ukinunua kaseti Kariakoo, upande A msiba, upande B matanga. Tukairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic tuanze upya kulia.

Sasa tuje kwenye sendofu ya mpwa wangu.

Ilikuwa Jumamosi, Desemba 20, 2014, ukumbi mmoja Tabata. Kwenye kamati mimi nilipewa vinywaji. Narudia: vinywaji. Muziki ulikuwa wa kijana mmoja, kofia kaigeuza nyuma, laptopu moja, spika refu kuliko mchungaji. Nilimfuata mapema nikamuuliza kama ana chochote cha sisi watu wazima. Akanijibu kwa heshima zote, "Anko, usiwaze, zilipendwa ninazo." Akanifungulia faili. Diamond Platnumz, wa mwaka 2010. Mimi nikisikia zilipendwa namfikiria Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979. Kwa huyu bwana, zilipendwa ni wimbo uliotoka mimi nikiwa tayari na kitambi.

Nikarudi kwenye kreti zangu.

Upande wa bwana harusi walifika kwa Coaster mbili, wakiwa na furaha ya ziada. Jumapili iliyopita ilikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, na baba wa bwana harusi alikuwa ameshinda uenyekiti wa mtaa wao. Hakutaka tena kuitwa Baba fulani. Kila aliyemsalimia "Shikamoo mzee," aliitikia, "Marahaba, na mwenyekiti." Mkewe ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Tanga, mama wa maneno machache na masikio makali. Kumbukeni hayo masikio.

Bibi harusi akafika mlangoni na matroni wake. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa wimbo mmoja wa Kinaijeria, hatua mbili mbele, moja nyuma, zungusha kiuno, tabasamu. MC akatusimamisha wote. Simu zikainuliwa. Umeme ukakatika.

Jenereta lilikuwepo, na liliwaka vizuri tu. Shida ni kwamba liliwaka kwa hasira. Taa zikang'aa kama mchana, feni ikapiga kelele, na laptopu ya DJ ikatoa moshi mdogo, wa adabu, halafu ikanyamaza. Kijana akaitazama bila kuamini. Nyimbo nyingine zilikuwa kwenye simu yake, lakini waya wa kuunganisha simu na miksa alikuwa kausahau gheto.

Dakika zikapita. MC akasimulia kichekesho cha Mchaga na Mpare. Akasimulia cha Mhaya. Akarudia cha Mchaga na Mpare. Pale mlangoni vipodozi vya mpwa wangu vikaanza kushuka, na matroni anampepea kwa kadi ya mchango. Dada yangu, mama wa binti, akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto nilipomvunjia chungu.

"We kaka, kwenye gari lako si huwa kuna muziki?"

Upo. Kwenye flashi. Kaseti zangu za ujana zote zilihamishiwa humo na fundi mmoja wa Kariakoo, kazi safi, isipokuwa hakuandika majina. Track 01, Track 02, inakwenda hivyo mpaka mwisho. Nikaileta mbio. DJ akaipokea kama mtu anayepewa dawa ya kienyeji.

"Anko, humu ipi ni ya taratibu?"

"Zote zina maana," nikamwambia.

Mwaka 2004 huyu mtoto alikuwa shule ya msingi. Akavaa headphone, akasikiliza mwanzo wa Track 01, kinanda kinalia polepole, kitamu, akatikisa kichwa. "Hii kali." Akaachia.

Vigelegele! Mashangazi wakatoka na khanga kumtandikia njia. Mpwa wangu akapiga hatua mbili mbele, moja nyuma. Mapigo yakakubali kabisa, sijui kwa nini watu hawalisemi hili. Halafu sauti ikaingia.

Meza yetu tukatazamana. Watu wa miaka thelathini na tano, arobaini, wenye mikopo na shinikizo la damu. Hakuna aliyekusudia lolote. Midomo ilifunguka yenyewe. Mmoja akaanza, wa pili akapokea, na kufika kiitikio nusu ya ukumbi imesimama, mikono juu, tunaimba majuto ya mgonjwa kwa furaha isiyo na mfano. Jamaa yangu mmoja wa benki alikuwa anafuta machozi kwa leso ya mezani. MC naye ni wa rika letu. Alijisahau, akaiimba beti nzima kwenye maikrofoni.

Na bibi harusi anakuja. Mbele mbili, nyuma moja, zungusha kiuno, tabasamu.

Vijana walikuwa wamekaa. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, akanivuta shati. "Baba, huyu anayeimba anaumwa nini?"

Nikamwambia.

"Na mnacheza?"

Mtoto ana haki ya kushangaa. Kizazi chake hakikukulia kwenye misiba ile. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure hospitalini kuanzia 2004, mwaka uleule tuliokuwa tunajililia kwa mpigo wa taratibu, na polepole ugonjwa ukawa kitu ambacho mtu anaishi nacho, anakwenda kazini, anazeeka. Kaseti nayo ikafa. Aliyenunua kaseti alitaka hadithi yenye mwanzo na mwisho. Anayenunua mwito wa simu anataka sekunde chache za kiitikio. Wakati huo Diamond keshaimba na Davido, keshatajwa kuwania tuzo za BET kule Marekani, na video ni magari, majumba na watu waliopendeza. Nani atamwita Mnaijeria waimbe pamoja habari za wodini? Nilimuuliza binti yangu huo wimbo wao aliotaka DJ aupige unasema nini.

"Kwani lazima useme?" akanijibu.

Nikakosa jibu, na ndipo nilipoona macho ya watu.

Kila mstari wa majuto ulipopita, ukumbi ulikuwa unamgeukia bwana harusi. Kijana wa watu, suti ya kijivu, amekaa pale mbele jasho linamtoka. Kanisani kwao walitakiwa kupima wote wawili kabla ya tangazo la kwanza, na walipima, vyeti vikapelekwa. Lakini cheti hakina spika. Rafiki zake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasogeza kiti kidogo.

Mama mkwe akaniita kwa kidole. Nikaenda, nikainama.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Huu ujumbe mmetutumia sisi?"

"Hapana mama. Huu ulikuwa wimbo wa furaha."

"Furaha ya nani?"

"Ya... zamani."

"Mimi ni mtu wa Tanga, mkwe. Nyimbo za kutumiwa nazijua tangu sijavunja ungo. Mtu akinipigia wimbo, huwa nasikiliza maneno, sisikilizi kinanda." Akajifunga khanga vizuri. "Kama mwanangu mmemsikia jambo, semeni hapa hapa."

Nikampungia DJ mkono kwa nguvu zote, abadilishe. Yeye akadhani nashangilia. Akaongeza sauti.

Dada yangu ndiye aliyevuka ukumbi na kuchomoa kilichochomekwa. Ukimya. Bibi harusi amebakia katikati ya khanga, mguu mmoja hewani. DJ, mikono inatetemeka, akabonyeza Track 02.

Mnaokumbuka mwaka 2001 mnajua "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Mgombea amesimama jukwaani anaahidi mambo ambayo hata malaika wasingeyaweza, na kila akimaliza uongo mmoja, umati unamwitikia: ndio mzee. Ni dhihaka kutoka juu mpaka chini. Wimbo ule uliwasema wanasiasa mpaka tukadhani hawatapona. Wakapona, na mwaka 2015 aliyeuimba mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, lakini siku ile hatukuwa tumelijua hilo.

Kiitikio kikafika. Meza yetu, ambayo haikuwa imejifunza chochote, ikaitikia kwa sauti moja: "Ndio mzee!"

Baba wa bwana harusi akainua kichwa.

"Ndio mzee!"

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akainua mkono wa kulia, akaupunga upande wa kushoto wa ukumbi, kisha upande wa kulia, kisha akawapungia na wahudumu waliokuwa na sinia za pilau. Wapambe wake wa Coaster ya pili wakadhani kamati imeandaa heshima maalumu kwa mwenyekiti mpya, wakasimama nao. Sasa ukumbi mzima unaitikia, nusu kwa dhihaka, nusu kwa itikadi, na bibi harusi kaokota mdundo mpya, mbele mbili, nyuma moja, anapasua katikati ya mkutano wa hadhara.

Mama wa Tanga alikuwa anasikiliza maneno.

Nilimwona akiuvuta upindo wa koti la mumewe. Mara ya kwanza taratibu. Mara ya pili koti likashuka begani.

"Kaa chini, unatukanwa."

"Subiri kidogo, mama," akasema, bado anapunga. "Wananchi."

Mpwa wangu alifika meza kuu akiwa hai, na hilo ndilo nililomshukuru Mungu. Waya wa simu ulipatikana kwa fundi wa simu jirani na ukumbi, DJ akairudisha flashi yangu akiishika kwa ncha za vidole, na wimbo wao wa Kinaijeria ukapigwa hatimaye. Vijana wakamiminika kama wametoka kifungoni. Sisi tukaenda kukaa. Niliusikiliza wimbo ule kwa makini, nikitafuta mtu aliyefiwa, aliyefukuzwa nyumba, aliyedanganywa na mbunge. Hakuna. Kulikuwa na kiuno, na pesa, na jina la msichana. Nikaunywea soda. Saa nne usiku nilikuwa katikati ya duara la vijana na tai kichwani, na sitaki kuulizwa zaidi.

Mwenyekiti aliondoka ameridhika. Alinishika mkono mlangoni, akauliza ule wimbo wake unapatikana wapi. Nikamwambia kwenye flashi. Akaniomba flashi. Unamnyimaje mkwe?

Januari ilikuwa harusi yenyewe, upande wao, na ratiba ilikuwa mikononi mwao. Mwenyekiti aliingia ukumbini kwa Track 02, sauti juu kabisa, akipunga mikono yote miwili, watu wa mtaa wake wakimwitikia "ndio mzee" kwa moyo mkunjufu. Mkewe alikuwa pembeni yake, amenyooka, hatazami kulia wala kushoto.

Nikadhani yamekwisha. Tukala, tukakata keki. Halafu MC wao akatangaza kwamba mama mzazi wa bwana harusi naye ana wimbo wake, ameuchagua mwenyewe, na ana mtu wa kumtunza nao. Ikapigwa taarabu, ile ya mipasho mizito, kinanda kinapanda na kushuka. Mama akavua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akacheza kutoka meza kuu mpaka kwenye meza yangu. Akasimama mbele yangu beti zote, noti ya elfu tano imebanwa kati ya vidole viwili, ananielekezea uso kwa kila neno linalouma, wenzake wa Tanga wanapiga makofi nyuma. Kilipofika kiitikio cha mwisho alinibandika ile noti kwenye paji la uso, ikashika kwa sababu ya jasho.

Mke wangu hakuwepo siku ya sendofu, alikuwa amesafiri. Alingoja mama arudi kwenye kiti chake, akaniinamia sikioni na kuniuliza kwa upole mno, "Baba Neema, huyu mama umemfanya nini?"