Pumzika mpaka lini?

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali, nesi alinikabidhi mfuko wa dawa. Kila pakiti ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: 1x1, 1x2, nusu usiku. Hata mjukuu wangu wa darasa la pili angeweza kunipimia. Kisha daktari, huku mkono wake umeshafika kwenye faili la mgonjwa anayefuata, akaniambia, "Mama, nenda ukapumzike."

Hilo halikuandikwa popote. Halikuwa na kiasi, halikuwa na mara ngapi kwa siku, halikuwa na tarehe ya kuisha. Familia yangu ikalibeba lilivyo, ikanipumzisha.

Nina miaka 57. Nauza mchele wa Kyela na maharage ya njano katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, na watoto wangu wote wanne wamesoma kwa mzani ule. Mshtuko wa moyo ulinishika Julai ya mwaka juzi, asubuhi, nikifungua turubai la kizimba. Sikushika kifua nikaanguka kama tunavyoona kwenye filamu. Taya liliniuma kama jino linang'olewa bila ganzi, mgongo ukakaza katikati ya mabega, kichefuchefu kikanipanda, na jasho likanitiririka katika baridi ile ambayo Mbeya nzima inatembea na masweta. Jirani wa kizimba akasema ni gesi, akanipa magnesiamu nitafune. Nikatafuna. Nikakaa saa nne nzima nikisubiri gesi itoke, na muda wote huo kipande cha msuli wa moyo kilikuwa kinakosa damu na kufa. Wanawake tunakuja hivyo mara nyingi kuliko wanaume, kwa dalili za pembeni pembeni, ndiyo maana tunafika tumechelewa. Hilo silo nililokaa kuliandika leo, ila kama una mama, lishike.

Nililokaa kuliandika ni habari ya kiti.

Mwanangu wa kwanza alikileta mwenyewe kwenye bajaji: kiti cha mbao cha kuegemea, mto wa sponji, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Kikawekwa barazani upande wa jua. Basi nikawa naanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni, kama dagaa. Dada wa kazi akaletwa, mwiko nikanyang'anywa. Nikigusa ufagio tu, sauti tatu zinatoka pande tatu za nyumba: "Mama! Kaa!" Wageni walikuja na kuku, na sukari, na pole nyingi, na kila mmoja alishusha sauti akifika getini kama anaingia msibani. Wifi yangu alikuwa akiuliza, "Mgonjwa amelala?" nami nipo hapo hapo, macho makavu, namsikia. Wapo pia walionong'ona kwamba nimetupiwa kitu sokoni kwa ajili ya wateja wangu. Hao niliwaacha na imani yao. Mimi najua presha yangu ilikuwa juu miaka sita na dawa nilikuwa nakunywa nikikumbuka.

Wiki ya tano niliinuka kwenda msalani, magoti yakatetemeka, nikashika ukuta. Nikasema moyo ndio umekwisha. Sikujua kuwa miguu ndiyo iliyokuwa imesahau kazi.

Mwanangu wa mwisho, ambaye hakubali jambo mpaka alichimbue, aliniambia kwamba zamani huko Ulaya na Marekani mgonjwa wa moyo alilazwa chali wiki nne hadi sita. Wengine hata kijiko walishikiwa. Damu iliganda miguuni, donge likapanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa kwa tiba akiwa amepona ugonjwa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, wakaandika kuwa wamewatoa wagonjwa wao kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti, na hawakufa kama ilivyoogopwa. Kiti! Wakati ule kiti ndicho kilikuwa ukombozi. Septemba 1955 rais wa Marekani, Eisenhower, akapata mshtuko wa moyo. Daktari bingwa aliyeitwa kumwona, Paul Dudley White, alikuwa mtu wa baiskeli, mwenye kuamini kwamba mtu akishapata nafuu arudi kwenye shughuli zake. Mwaka uliofuata Eisenhower akagombea tena na akashinda. Yaani taifa zima lilimrudishia mtu yule mabomu ya nyuklia, na mimi nyumba yangu ilishindwa kunirudishia mwiko.

Nilipelekwa Dar es Salaam kuzibuliwa mshipa. Watu wetu wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua safari hiyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Muhimbili, kilomita zaidi ya 800 kutoka hapa, na ukishapewa tarehe unaanza kuhesabu nauli kabla hujahesabu siku. Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakaacha kibomba kidogo cha wavu ndani ya mshipa wa moyo ili usifunge tena. Nilikuwa macho. Kesho yake nesi mmoja wa makamo akaniuliza, "Mama, kwa siku unatembea dakika ngapi?" Nikamjibu kwa fahari, "Sitembei mwanangu, napumzika." Hakucheka. Alichukua pakiti yangu ya dawa, akaigeuza, akaandika mgongoni: *Kutembea, dakika 10 x 2. Kila wiki ongeza dakika 5.*

Nilikaa naitazama pakiti ile kuliko nilivyotazama picha ya moyo wangu kwenye skrini. Mtu alikuwa ameniandikia miguu yangu kama dozi.

Ndiyo hoja yangu nzima. Hospitali zetu zinajua kuandika vidonge, hazijui kuandika hatua. Neno "pumzika" likitoka mdomoni mwa daktari linafika nyumbani limekuwa amri, na nyumba ya Kiswahili haina mtu wa kuitengua. Upendo wenyewe ndio unaokufunga. Tena daktari anasema "pumzika" kana kwamba kila mtu ana mshahara unaoingia tarehe 25. Mimi nilipokuwa kwenye kiti, kizimba kililipiwa ushuru na hakikuuza. Waliokula mchele kwa mkopo wakanisahau haraka ajabu. Wiki nane za pumziko lisilo na tarehe zilinigharimu magunia 11, na kila gunia nililijua kwa jina la mkulima wake.

Sisemi mtu atoke wodini ashike jembe. Kovu la moyo linahitaji wiki sita hadi nane hivi kukaza, na ipo mioyo iliyodhoofika ambayo lazima ipimwe kwanza kabla ya kupewa mzigo wowote. Kifua kikibana, pumzi ikikata, kizunguzungu kikija, miguu ikivimba, unasimama na unakwenda hospitali, hakuna ushujaa hapo. Lakini kati ya jembe na kiti kuna nafasi kubwa sana, na ndani ya nafasi hiyo ndimo tunamoachwa bila ramani.

Mfano ni milima. Dozi yangu iliandikwa Dar, kwenye tambarare. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba yangu iko juu ya mteremko. Siku ya kwanza nilishuka kwa raha, dakika tano, nikajisifu. Kisha nikageuka. Nusu ya kurudi nilikaa juu ya jiwe la watu, mume wangu akapigia bajaji simu, na usiku ule kiti kilinipata tena kwa siku mbili. Tangu hapo nazunguka uani kwanza hadi miguu ipate moto, halafu naanza kwa kupanda nikiwa na nguvu, nikichoka nakuta ninateremka kurudi nyumbani. Hakuna daktari aliyeniambia hilo, ila nina hakika yupo anayelijua. Na miezi ya Juni na Julai sitoki alfajiri hata kwa dawa. Baridi inabana mishipa na kuuongezea moyo kazi. Natoka saa tatu jua likishaiva juu ya mlima Loleza, na kitenge shingoni.

Jinsi ya kujua kama unazidisha ni rahisi: ukitembea uweze kuongea, ila usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza. Mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya, kwa hiyo kwangu kipimo hiki hakikuwa mfano wa maneno. Mume wangu alikuwa anatembea kando yangu akisema, "Haya, imba," nami nikifika nusu ya beti pumzi ikaniacha, anaitikia kwa kichwa kama mwalimu wa kwaya aliyeridhika.

Chakula sitakizungumza sana, mnaambiwa kila siku. Chumvi chini, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima na si kwa sahani, mafuta ya mgando yakae dukani, kitimoto ya Ijumaa nimeiaga. Parachichi la Rungwe nimebaki nalo, na silalamiki. Dawa ndizo nazisisitiza: ukiwekewa kile kibomba, zile za kuzuia damu kuganda usiziache kwa sababu unajisikia mzima. Unajisikia mzima kwa sababu unazinywa. Vitunguu saumu anavyokushauri jirani, vitumie kama mboga tu, si badala ya dawa.

Lipo na la chumbani, na nitalisema kwa kuwa hakuna aliyetuambia. Mume wangu alihamia chumba cha watoto miezi mitatu. Mimi nilidhani ananiona maiti, naye alidhani ataniua. Baadaye daktari mwingine, tulipomuuliza kwa kuzunguka zunguka, alijibu wazi: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema, tendo la ndoa halitakushinda. Nyumba yetu haina ghorofa. Tulitumia mteremko. Na kwa akina baba mnaosoma hapa: vile vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kama pipi, ukivichanganya na dawa ya moyo ile ya kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kushuka hadi usiamke. Mwambieni daktari ukweli, aibu haijamsaidia mtu.

Nililia sana pia. Nililia kwa kukatika umeme, kwa wali kuungua, kwa tangazo la redioni. Wifi alisema nadeka. Kumbe takribani mtu mmoja kati ya watano waliopata mshtuko wa moyo huingia kwenye sonona, na wenye sonona ndio wanaoacha dawa na kuacha kutembea. Kilichoniondolea machozi si nasaha. Ni siku mjukuu alipokuja na kikapu cha maharage akaniambia, "Bibi, nisaidie kuchambua, mama anachelewa." Mtu alikuwa ananihitaji.

Sokoni nilirudi mwezi wa nne tangu niugue, kwanza saa mbili, kisha nusu siku. Gunia sigusi, makuli wapo na wanalipwa. Mimi nashika mzani, sado, na daftari la madeni, na waliokula kwa mkopo wamekumbuka ghafla. Kile kiti bado kipo barazani. Kuku mwekundu ametagia mayai tisa kwenye mto wa sponji, na hakuna anayemwambia ainuke.

Jumanne nina kliniki. Nimechukua rula ya mjukuu, nikachora mstari mmoja wa ziada kwenye kadi yangu chini ya orodha ya dawa, nikaandika: *Kutembea, dakika 35 x 1. Kizimbani, saa 6.* Nimeacha nafasi ya sahihi. Nitampa daktari kalamu, na sitainuka hadi asaini.