Ukitaka kuielewa Katiba ya Marekani, mwache Rais kwanza

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma mfumo wa serikali ya Marekani hupitia mlango wa Ikulu. Hukariri marais, kisha madaraka ya rais, halafu Bunge na Mahakama wanayagusa juujuu siku mbili kabla ya mtihani. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanapopotea, maana Katiba yenyewe haikupangwa hivyo. Ibara ya 1 inahusu Bunge, nayo peke yake ina vifungu 10, karibu nusu ya maandishi yote yaliyotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787. Ibara ya 2, ya Rais, ina vifungu 4. Ya 3, ya Mahakama, ina vitatu, na unaimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa aliyesomea Tanzania kosa hili linaeleweka. Ibara ya 62 ya Katiba yetu inasema Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Mawaziri wetu ni wabunge, na Rais anaweza kulivunja Bunge katika mazingira fulani. Marekani hakuna lolote kati ya hayo. Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge, na mbunge akiteuliwa kuwa waziri lazima aache kiti chake.

Basi anza na Ibara ya 1, kifungu cha 8. Humo ndimo yalimo madaraka yenyewe: kutoza kodi, kukopa, kutengeneza sarafu, kusimamia biashara baina ya majimbo, kutangaza vita. Ukishayasoma, habari za ofisi za serikali ya Washington kufungwa hazikushangazi tena. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba, na Bunge lisipoidhinisha matumizi, Rais hana mfuko wa pembeni wa kuendeshea serikali nzima.

Kisha fuatilia muswada mmoja mpaka mwisho. Lazima upite vyumba vyote viwili vya Bunge, Baraza la Wawakilishi lenye watu 435 na Seneti yenye 100, kwa maneno yaleyale. Wakitofautiana hata mstari mmoja, haujapita. Ndipo unaenda kwa Rais, naye ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Ukimfikia Jumatatu, hesabu inaanza Jumanne na kuisha Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita usiku. Akisaini, ni sheria. Akiurudisha na sababu zake, kila chumba kinahitaji theluthi mbili kumshinda. Akikaa kimya huku Bunge linaendelea na vikao, unakuwa sheria bila saini yake. Lakini akikaa kimya na Bunge likawa limefunga vikao na kutawanyika, muswada umekufa. Wamarekani huiita veto ya mfukoni, na watunga mitihani wanaipenda mno.

Hiyo theluthi mbili nayo ina mtego wake. Wengi huandika 290 na 67 bila kufikiri, wakati hesabu inafanywa kwa wajumbe waliopo na kupiga kura, mradi akidi imetimia. Wakipiga kura maseneta 95, zinahitajika 64. Na zile kura 60 zinazotajwa kila siku kwenye habari za Seneti hazimo kwenye Katiba hata kidogo. Ni kanuni ya Seneti yenyewe ya kufunga mjadala, na Seneti inaweza kuibadilisha.

Kumshtaki Rais ni hatua mbili zinazochanganywa mno. Baraza la Wawakilishi linafungua mashtaka kwa wingi wa kawaida. Seneti inasikiliza kesi, na kumtia hatiani kunataka theluthi mbili ya waliopo. Mwaka 1868 maseneta walikuwa 54, hivyo zilihitajika kura 36 kumwondoa Andrew Johnson. Zilipatikana 35. Akabaki. Bill Clinton alishtakiwa 1998, Donald Trump 2019 na 2021, na wote Seneti haikuwatia hatiani. Nixon hayumo kwenye orodha hiyo: alijiuzulu 1974 kabla Baraza zima halijapiga kura.

Hata uchaguzi wa Rais unahesabiwa kwa viti vya Bunge. Kila jimbo lina wajumbe maalumu wanaompigia Rais kura, na idadi yao ni sawa na wawakilishi wake kujumlisha maseneta wake wawili. Wyoming ina mwakilishi mmoja, kwa hiyo kura 3; California, kwa mgawanyo wa sasa, ina 52, kwa hiyo 54. Majimbo yote yana 535; ongeza 3 za mji mkuu, zilizotolewa na marekebisho ya 23 mwaka 1961, unapata 538, na mshindi anahitaji 270. Ndiyo maana mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi hakuapishwa.

Mahakama ya Juu sitaikalia sana. Kumbuka mawili tu. Idadi ya majaji 9 imewekwa na sheria ya Bunge tangu 1869, si na Katiba. Na uwezo wa kuibatilisha sheria inayokiuka Katiba haukuandikwa wazi popote. Mahakama iliusimamisha yenyewe katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, 1803.

Kubadili Katiba, njia iliyozoeleka ni theluthi mbili ya kila chumba, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Marekebisho ya 27, yanayohusu mishahara ya wabunge, Bunge liliyapitisha 1789 na majimbo yakatimia 1992. Katika miaka yote hiyo 203 hayakuhitaji saini ya Rais hata mmoja.