Kutaja programu huria hakuombewi ruhusa, tuchape vitini

Kuna kitini cha mafunzo ya ramani hapa Mwanza ambacho kimekamilika, picha zimepangwa, hata bei ya kopi imeshakubaliwa na watu wa steshenari. Hakichapwi. Mkuu wa kituo amewaandikia watengenezaji wa QGIS, programu huria ya kuchora ramani, kuomba ruhusa ya kuitaja programu yao, na hataki karatasi hata moja itoke kabla hawajamjibu. Nia yake ni njema, simlaumu kwa hilo. Ila vijana wa Kayenze na Igombe waliotaka kujifunza kuchora ramani za mialo yao wamebaki wakingoja, na hilo linaniuma.

Kutaja jina la programu hakuombewi ruhusa. Haki miliki inalinda kazi isinakiliwe kinyume cha matakwa ya mwenyewe. Haimzuii mwalimu kuandika "fungua QGIS, kisha chagua safu". Fundi anayefundisha vijana gereji hawaandikii Toyota barua ndipo aandike neno Toyota ubaoni. Tena kwa programu huria hata kunakili kumeruhusiwa. QGIS hutolewa kwa GPL, leseni ya programu huria ambayo toleo lake la pili ni la mwaka 1991. Mtu yeyote anaweza kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa, mradi afuate masharti yaliyomo. Ingia kwenye menyu ya msaada, fungua sehemu inayoeleza kuhusu programu, utakuta majina ya walioandika msimbo, ya waliotafsiri, na leseni yenyewe. Natamani kila somo la kwanza lianzie hapo, kabla mwanafunzi hajachora hata mstari mmoja.

Nimesikia pia hoja kwamba kituo kinachotoza ada kinafanya biashara kwa jasho la wengine. Sikubali. GPL inaruhusu hata kuuza nakala za programu yenyewe, sembuse kumlipa mwalimu, umeme na ukumbi. Na ramani ya mwalo uliyoichora ni yako: leseni haidai kinachozalishwa na programu, isipokuwa kiwe na sehemu ya programu hiyo ndani yake.

Wasiwasi wetu tumeuelekeza pasipo. Jambo la kutukosesha usingizi ni vitini vinavyozunguka mjini vyenye kurasa nzima zilizochukuliwa kwenye miongozo ya LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, majina ya waandishi yamefutwa, juu pamegongwa muhuri wa kituo. Miongozo hiyo ina leseni yake, GPL toleo la tatu au Creative Commons BY 4.0, na ni leseni za ukarimu mkubwa: nakili, tafsiri, uza ukitaka. Ukichukua kwa hiyo ya Creative Commons, unachodaiwa ni kuwataja waandishi, kutaja leseni, na kusema umebadilisha nini. Mistari mitatu tu chini ya ukurasa! Watu walijitolea kuandika, wengi bila kulipwa, halafu sisi tunashindwa kuwapa mistari mitatu.

Ramani za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji mtandaoni, ni vivyo hivyo. Tangu 2012 data zake ziko chini ya ODbL, leseni ya data huria inayotaka chanzo kitajwe, kwa hiyo ukiweka kipande cha Kirumba au cha Ukerewe kwenye kitini, andika pembeni kwamba ni kazi ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Nyumba na njia zinazoonekana pale zimechorwa na watu, moja baada ya nyingine.

Nembo ndiyo ya kuangalia zaidi. Leseni ya msimbo haikupi nembo. Kuibandika kubwa kwenye jalada au kwenye cheti, mtu akadhani watengenezaji wamekuidhinisha, ni kumdanganya mwanafunzi aliyelipa. Hapo soma sera yao ya nembo, na kama haijibu swali lako, waandikie.

Kwa hiyo, mkuu wangu, toa kitini kikachapwe wiki hii. Ukurasa wa pili uonyeshe jina la programu, toleo mlilotumia, leseni, na mahali pa kuipakua bila malipo. Barua kwa watengenezaji bado ina kazi: vijana wakikuta hitilafu, au neno la Kiswahili lililotafsiriwa vibaya kwenye menyu, likusanyeni na kulituma. Barua ya namna hiyo inawasaidia wao na inamsaidia mwanafunzi wa darasa linalofuata.