Injini Yataka Joto, Giaboksi Yataka Baridi

Nilipofika mara ya kwanza kuliona lile gari nililotaka kulinunua, nililikuta linanguruma. Mwenyewe kasimama pembeni, mkono kiunoni. "Nimetoka kuliosha sasa hivi, bosi." Nikaegemea boneti. Ilikuwa na joto zuri, lile la kumfanya paka apande alale. Nikajisemea moyoni: hili gari lina uhai.

Lilikuwa limeoshwa kweli, mpaka injini yenyewe inang'aa kama sahani mpya. Sikujiuliza mtu anaosha injini ili kuondoa nini.

Nina shemeji fundi. Amelala chini ya magari ya dizeli kwa miaka mingi kuliko aliyokaa na dada yangu. Usiku wa kuamkia siku ile alinipigia simu: "Usiende bila mimi. Na mwambie asiliwashe kabla hujafika." Nikamwitikia vizuri, sawa shemeji, halafu asubuhi nikaenda peke yangu. Nilijua tukienda wawili, gari litakuwa langu lakini sifa zitakuwa zake.

Basi nikalikagua. Nikapiga teke matairi manne, na la akiba nikalipiga ngumi. Nikajaribu redio, honi, kiyoyozi na vioo vya umeme. Nikachuchumaa kutazama uvunguni kwa uso wa mtu anayejua anachotafuta. Dashibodi haikuwa na taa ya onyo hata moja, nikaona huo ndio uzima. Ilikuwa dizeli, ilikuwa otomatiki, na redio ilikuwa inashika stesheni zote. Binadamu ataka nini zaidi?

"Ngoja niendeshe mimi, ulisikilize," akasema. Tukaingia. Akatia R, akanigeukia: "Una watoto wangapi, bosi?"

"Wawili. Mkubwa ndiyo kwanza kaanza shule, anapenda sana magari."

Gari likarudi nyuma. Akatia D. "Na mdogo naye?"

"Huyo bado anatambaa."

Gari likaenda mbele. Kila mkono wake ulipogusa gia, alikuwa na swali la kifamilia. Nikamwona ni mtu wa watu. Tukazunguka kwenye barabara tambarare dakika kama kumi, tukarudi, na gari akaliacha linanguruma mpaka tumemaliza kuhesabiana fedha na kuandikishana karatasi. Nikaondoka nalo. Nyumbani nililizima kwa mbwembwe, familia yote inatazama.

Asubuhi nikapiga stata. Ngru-ngru-ngru-ngru. Nikapumzika, nikapiga tena. Eksozi ikatoa wingu jeupe zito, linalochoma macho, likavuka ukuta kwenda kwa jirani. Kuwaka, halikuwaka. Nikapiga mpaka betri ikaanza kusema ngru moja moja, kwa huzuni.

Majirani wakaja, na majirani wakiona gari haliwaki hawana dawa nyingine ila kusukuma. Wakajipanga sita nyuma, mimi nikakaa kwenye usukani kama mfalme. "Tia D!" Nikatia D. "Tia mbili!" Nikatia mbili. "Jaribu N halafu rudisha D ghafla!" Nikajaribu. Tukaenda hivyo mtaa mzima, watoto wanakimbia pembeni wanashangilia. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akaweka mguu chini.

"Vijana, hilo ni otomatiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi sukumeni mpaka mfike mnakokwenda."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Nikampigia shemeji. Alipomaliza kucheka (nilikata simu mara moja, akapiga tena ili amalizie), alinieleza jambo ambalo mzee alilijua. Gari la gia za mkono ukilisukuma, matairi yanazungusha injini kupitia klachi. Otomatiki hushika kwa presha ya oili, na pampu ya kutengeneza presha hiyo inazungushwa na injini. Injini ikilala, pampu imelala, na ndani ya giaboksi hakuna kilichomshika mwenzake. Tulichokuwa tunasukuma kilikuwa toroli lenye redio.

"Kuna kitu cha kupuliza hewa ya moto hapo nyumbani?" akauliza.

Hivyo ndivyo drayer ya nywele ya mke wangu ilivyoingia katika historia ya usafiri. Tukavuta waya mrefu kutoka sebuleni, nikafungua boksi la kichujio cha hewa, nikapuliza kwenye bomba dakika kadhaa huku jirani anaazimisha umeme wa betri yake. Ngru-ngru, kohoa, kohoa, likawaka! Watu wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kichwani, nywele zinachuruzika maji, akasema, "Sasa zamu yangu au gari bado halijakauka?"

Ningekwenda moja kwa moja kwa shemeji siku ile, hadithi ingeishia hapo. Lakini limekwishawaka, nalo lilikwenda vizuri! Nikajionyesha mjini. Baada ya dakika kama arobaini nikakutana na kilima. Nikakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukapanda hadi 3,000, injini ikalia kama inapaa, na gari likabaki linatembea mwendo wa bibi harusi. Nikakanyaga zaidi. Kelele zikaongezeka, mwendo haukuongezeka. Nyuma yangu honi. Halafu kwenye kioo cha pembeni nikaona baiskeli. Mzee yuleyule, kasimama kwenye pedali, anapanda taratibu. Alipofika usawa wa dirisha langu akachungulia ndani.

"Bado mnasukuma?"

Nikaegesha kando, nikazima. Baada ya nusu saa nikajaribu: injini ikawaka kwa kuwa bado ilikuwa na joto, na giaboksi ikashika kwa kuwa ilikuwa imepoa kidogo. Kilima nikakimaliza kwa fahari. Hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Injini yake ilitaka joto ndipo iwake, giaboksi yake ilitaka baridi ndipo ishike, na katikati kulikuwa na kadirisha kadogo ambamo wote wawili wanakubaliana, na ndani ya kadirisha hako ndimo nilimouziwa. Nikiegesha muda mfupi, giaboksi inanuna. Nikiegesha muda mrefu, naitafuta drayer. Nikawa natembea na saa kama mtu anayemeza dawa.

Juma moja hivi. Kisha nikaubeba ujinga wangu, nikaupeleka kwa shemeji.

Hakuniambia "nilikwambia". Alifanya vibaya zaidi: alinionyesha kimoja kimoja, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akazungusha ufunguo hadi kabla ya stata. "Hapa taa za onyo zote lazima ziwake. Ya oili, ya betri, ya injini, na ile ya koili inayokwambia subiri hita plagi zipate moto. Umeona ngapi?" Niliona ya betri peke yake. Akaifungua dashibodi. Balbu zilikuwa zimeng'olewa, vishimo vitupu kama fizi za mtoto wa miaka sita. Huo ndio uzima niliousifia.

"Dizeli haina plagi ya cheche, shemeji," akaendelea. "Hewa inabanwa mpaka inavuka nyuzi 500, dizeli ikinyunyiziwa inawaka yenyewe. Asubuhi chuma baridi kinalimeza joto hilo, ndiyo maana kuna hita plagi za kulipasha, moja kwa kila silinda." Akazipima zangu nne. Tatu zilikuwa zimekufa, ya nne ilikuwa inafanya kazi ya ukoo mzima. Kisha, injini ikiwa inanguruma, akafungua kifuniko cha kumiminia oili akakilaza juu ya tundu lake. Kikaanza kurukaruka kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na moshi unapumua pembeni. "Ringi zinazoziba pistoni zimechoka. Mgandamizo unavujia chini. Hazijafa, lakini zimeandika barua ya kustaafu."

Tukaja kwenye giaboksi. Injini ya moto, inanguruma, gia kwenye P ya kuegesha, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili ya otomatiki ikiwa nzima ni nyekundu, unaweza kuona mwanga kupitia kwake. Ingekuwa ya rangi ya waridi yenye povu, ningekuwa na maji yaliyovuja kutoka kwenye rejeta. Yangu ilikuwa nyeusi. Akanisogezea puani. Ilinuka kama mpira ulioungua.

"Sasa kaa ndani, kanyaga breki, tia R, halafu hesabu."

Nikatia R. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, ndipo gari likashtuka na kushika.

"Inatakiwa kushika kabla hujamaliza kutamka mbili," akasema. "Kwani mlipolijaribu hukusikia hizi sekunde?"

Nikanyamaza. Mbele ya macho yangu nikamwona yule bwana, mkono kwenye gia, tabasamu usoni. Una watoto wangapi, bosi? Na mdogo naye?

Hita plagi tulibadilisha zote, likaanza kuwaka asubuhi bila msaada wa saluni. Drayer ilirudi ndani, ingawa mke wangu anasema tangu hapo inanuka dizeli. Giaboksi shemeji alisema haina ujanja, ni kuifungua yote, na gharama yake ilinifanya niulize kama baiskeli ya yule mzee inauzwa.

Nikaamua kuliuza, kwa bei ya gari bovu. Kijana mmoja akapiga simu. Nikamwambia kila kitu: ringi, oili nyeusi, kilima, yote. Nikamwambia aje alfajiri alikute la baridi. Akaja. Akaweka kiganja kwenye boneti kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikamheshimu papo hapo. Akaingia, akazungusha ufunguo, akahesabu taa (balbu nilizirudisha), akawasha. Likawaka mara moja. Akaliacha lingurume mpaka likapata joto. Akakanyaga breki, akatia R, akatulia akisikiliza.

Kulikuwa kimya kabisa. Moja. Mbili. Nikahisi jasho, na kinywa changu, bila kuniomba ruhusa, kikafunguka:

"Una watoto wangapi, kaka?"