Bango la mwanafunzi na mkulima aliyejibu dodoso

Muhula wa pili unapoelekea ukingoni, maduka ya steshenari yaliyo jirani na vyuo vya Mbeya na Iringa hujaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaosubiri ripoti zao za utafiti zichapwe na kufungwa jalada. Kila mmoja wao ametumia miezi kadhaa kuandika pendekezo na kulitetea, kubisha hodi katika ofisi za mkoa, kata na kijiji akiwa na barua ya utambulisho, kugawa madodoso, kuchambua takwimu na kusahihishwa na msimamizi mara tatu au nne. Ripoti ikishakabidhiwa idarani hupewa alama, huwekwa kabatini, na mara nyingi hakuna mtu anayeifungua tena.

Maonesho ya utafiti na kazi za ubunifu za wanafunzi wa shahada ya kwanza ni jibu mojawapo la hali hiyo. Kwa siku moja au mbili mwanafunzi husimama kando ya bango linaloeleza utafiti wake, au kifaa alichounda, au michoro yake, au hupanda jukwaani na tamthilia aliyoitunga, na yeyote apitaye ana haki ya kumuuliza. Utaratibu huu umeota mizizi zaidi Marekani, ambako chuo kikuu cha teknolojia cha MIT kilianzisha mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar, mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa ngazi hiyo katika utafiti wa walimu wao, na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Asheville kikawa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kitaifa la tafiti zao. Kwetu Serikali ilianzisha mwaka 2019 Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, na kila Agosti wakati wa Nane Nane vyuo huweka mabanda katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Hata hivyo, mashindano huwatafuta wachache waliowashinda wenzao, na banda la Nane Nane kazi yake kubwa ni kukitangaza chuo. Ninachokijadili hapa ni chuo kuwasimamisha wanafunzi wake wa kawaida, pamoja na wale ambao hawatapata tuzo yoyote, waeleze walichokifanya.

Walimu wanaoyapinga maonesho ya namna hiyo wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote inahusu udhaifu wa kazi zenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huwa na wiki chache za kukusanya taarifa na fedha kidogo, hata pale Bodi ya Mikopo inapomlipia kipengele cha utafiti. Tuseme amewahoji wakulima 40 wa viazi katika kata moja, na asilimia 60 kati yao wamesema mbegu fulani inawafaa. Hata kama wakulima hao walichaguliwa kwa bahati nasibu, ambalo ni jambo adimu, hesabu za takwimu zinaeleza kuwa kiwango halisi cha kata nzima kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 45 na 75. Ndani ya ripoti kuna sura inayokiri upungufu huo, lakini kwenye bango sura hiyo haina nafasi, na namba 60 huchapwa kwa herufi kubwa za rangi. Mgeni aliyetoka Njombe au Mufindi kutafuta mbegu ya msimu ujao huisoma kama neno la chuo, wala hana sababu ya kujua kuwa ni zoezi la mtu anayejifunza.

Hoja ya pili ni ya tuzo. Panapotolewa zawadi mbele ya mgeni rasmi, mashine yenye taa na mlio huvuta macho kuliko uchambuzi wa migogoro ya ardhi au wa methali za Wahehe, na baada ya miaka miwili wanafunzi huanza kuchagua mada kwa kutazama kitakachopendeza mezani. Hoja ya mzigo wa wasimamizi ni ya kweli pia, ingawa naona inaelemea zaidi kwenye uhaba wa walimu kuliko kwenye maonesho. Hoja ya haki miliki inastahili tahadhari mahususi, kwa kuwa hataza, yaani hati inayomlinda mvumbuzi, hutolewa kwa kitu kipya, na uvumbuzi uliokwisha kuelezwa hadharani unaweza kupoteza sifa hiyo kabla mwenyewe hajafika BRELA, wakala wa Serikali unaosajili hataza. Mwenye kifaa cha aina hiyo apewe ushauri kabla ya kukitoa nje.

Nimezipima hoja hizo na bado nasimama upande wa maonesho, kwa sababu ambayo watetezi wake hawaitaji mara nyingi. Wao husema kuwa mwanafunzi anajifunza kujiamini na kujieleza, na kwamba aliyenunua ripoti hawezi kusimama saa mbili akiijibia. Yote mawili ni kweli. Kwangu, hata hivyo, jambo zito zaidi ni lugha. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, ilhali dodoso lilisomwa kwa Kiswahili, na kule Rungwe au Kilolo huenda swali lilifafanuliwa kwa Kinyakyusa au Kihehe hadi mzee akalielewa. Maarifa hutoka kijijini kwa lugha mbili yakaingia kabatini kwa lugha ya tatu, ambayo aliyeyatoa haisomi. Mbele ya bango, mwanafunzi hulazimika kuyarudisha yalikotoka.

Kurudisha huko si tafsiri tu. Mkulima akisema udongo wake umechoka, mwanafunzi wa kilimo lazima ajiulize kama uchovu huo ndio ile tindikali aliyoipima maabara. Udongo uliochoka unaweza kuwa umepungukiwa naitrojeni, au unaweza kuwa na tindikali nyingi kiasi kwamba fosforasi iliyomo hushikwa na madini ya alumini na chuma isifike kwenye mizizi. Hali ya kwanza hutibiwa kwa mbolea. Ya pili huhitaji chokaa ya kilimo, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikitumiwa mfululizo bila chokaa huzidi kuuharibu udongo huo. Sehemu nyingi za nyanda za juu zina udongo wa tindikali, kwa hiyo mkanganyiko wa neno moja unaweza kumgharimu mtu fedha za pembejeo za msimu mzima. Mwanafunzi anayeshindwa kulieleza hilo kwa Kiswahili bila kujificha nyuma ya istilahi bado hajauelewa utafiti wake, na ni afadhali agundue hivyo akiwa bado ana msimamizi.

Kuna pia deni. Wakazi wa vijiji vilivyo karibu na barabara kuu, kuanzia Igurusi na Uyole hadi Mafinga na vitongoji vya Iringa, wameulizwa maswali na vizazi vya wanafunzi, maana huko ndiko nauli inakomea. Mama anayeacha palizi kwa saa nzima ili ajibu dodoso la kurasa sita amechangia utafiti kwa nguvu zake, na huwa hapati kusikia kilichopatikana. Nimewahi kuhudhuria maonesho ya chuo kimoja ambako mabango kumi hivi yalizungumzia kilimo cha mpunga, na sikumwona mkulima hata mmoja ukumbini. Walioalikwa walikuwa watumishi wa ofisi za umma, mabenki na vyombo vya habari. Niliumia, kwa sababu waliostahili kuyakagua mabango yale kwa ukali kuliko wote ndio waliokosekana.

Kazi za sanaa zina deni la aina hiyo hiyo, tena la wazi zaidi. Mwanafunzi anayebuni mkoba wa kisasa kwa ususi wa vikapu vya Iringa, au anayefinyanga chombo kwa mbinu za wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, ameegemea ujuzi wa kina mama ambao majina yao hayaonekani kwenye kibandiko cha kazi. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, haimlindi mtu dhidi ya kuigwa mbinu yake, kwa hiyo sheria peke yake haitawatendea haki. Kuwaita wasimame pamoja na mwanafunzi, na kuwaacha wapinge pale alipokosea, kungemfundisha mbunifu huyo mambo ambayo mhadhara haufundishi.

Kwa hiyo ningependa maonesho yafanyike kabla ripoti haijafungwa jalada, wakati uchambuzi umekamilika lakini maandishi bado yanaweza kubadilishwa, ili swali la mgeni liweze kurekebisha sura ya matokeo. Kila bango liseme juu kabisa, kwa Kiswahili na kwa herufi zilezile kubwa, kuwa hii ni kazi ya mwanafunzi, waliohojiwa ni wangapi na walitoka kata gani. Tuzo ya mshindi wa jumla iondolewe, na fedha zake zilipie nauli na chakula cha mjumbe mmoja au wawili kutoka kila kijiji kilichohojiwa. Pale ambapo fedha hazitoshi, mwanafunzi alikunje bango lake, apande basi alilolipanda siku ya madodoso, alibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na kumwomba mtendaji dakika thelathini katika mkutano unaofuata.