Nusu kichwa

Naandika hapa nimevaa kofia ndani ya nyumba yangu mwenyewe na chaji imebaki asilimia 11, kwa hiyo msinisumbue na mambo ya nukta na mkato.

Umeme umekatika. Najua, hiyo si habari. Habari ni kwamba umekatika shemeji akiwa katikati ya kuninyoa. Mashine yenyewe ya waya (ile ya betri ilishakufa, na kesi yake tutaiongea siku nyingine), imefika utosini ikasema mmmh, ikanyamaza. Kulia kipara, kushoto msitu. Na kesho asubuhi nina intavyuu.

Mtu mwenye akili zake si angetafuta mkasi? Shemeji kasimama nyuma yangu, mashine mkononi, kashusha pumzi kama mhubiri: "Unaona sasa shem, haya ndo matatizo ya kung'ang'ania makaa ya mawe."

Kosa langu nilijibu. Nilisema tu "kivipi", neno moja, na hilo neno limenigharimu saa mbili za maisha yangu.

Akaanza. Sijui Denmark zaidi ya nusu ya umeme wao unatoka kwenye upepo, sijui Uingereza ndo walianza kuchoma makaa kuwasha taa za London mwaka 1882 na kituo chao cha mwisho wamekifunga Septemba 2024, miaka 142 kwishnei. "Upepo hauchimbwi shem, haupakiwi kwenye treni, unakuja wenyewe!" Anasema hivyo huku ananipepea na gazeti maana leo hata jani halitikisiki. Nikanyamaza kiungwana, mtu mwenye nusu kichwa hachokozi watu.

Mzee jirani ndo hakunyamaza. Huyu kafanya kazi kituo cha makaa tangu ujana wake mpaka anastaafu, anakitetea kama mtoto wake wa kwanza. Kaingia bila hodi, kavuta kiti. "Hayo mapangaboi yako we kijana yanataka upepo wa mita tatu au nne kwa sekunde ndo yaanze kuzunguka, ukifika 25 yanazimwa yasivunjike. Na upepo ukipungua nusu, umeme haupungui nusu, unabaki moja ya nane! Hiyo mashine au mgonjwa? Makaa unajaza, unawasha, usiku na mchana." Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu kile, cha kushika magoti. Tukasubiri. Shemeji akaangalia chini hakusema kitu, na hicho ndo kitu pekee cha adabu alichofanya leo.

Hapo katokea binti yangu, anasoma fizikia, kashika tochi. Tochi ya nini? Ya simu yangu. Ndo mjue hiyo asilimia 11 imetoka wapi.

"Mnabishana bure, jibu nyuklia. Kidonge cha urani, yaani mafuta yake, kama ncha ya kidole kinatoa nishati karibu sawa na tani nzima ya makaa, na moshi hamna." Shemeji akaruka na ajali za vinu vya nyuklia: Chernobyl 1986! Fukushima 2011! Binti naye hajambo, "Mjomba, moshi wa makaa umeua watu wengi kuliko hizo ajali, ila unaua polepole ndo maana..." akakutana na macho ya mzee, akakatisha. "Samahani babu." Mzee akasema endelea tu mjukuu wangu, lakini nguvu zilimuishia kidogo, na mimi hapo kwa sekunde chache nilisahau hata kichwa changu.

Kwa sekunde chache tu. Nikauliza hicho kinu kinatoaje umeme, naambiwa atomu zinapasuka, zinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo. Na makaa? Yanachemsha maji. Yaani vitisho vyote vile vya atomu kumbe ni birika! Na kwa wote wawili karibu theluthi mbili ya joto linapotea hivihivi.

Shemeji akaona upenyo, kaleta Finland, kinu cha tatu cha Olkiluoto wameanza kujenga 2005 wakasema 2009 tayari, kimekuja kuanza kazi rasmi Aprili 2023. Miaka 18! Kwa mwendo huo hata huu upande wa kulia utakuwa umeota ukawa mvi. Tena Ujerumani walizima vinu vyao vya mwisho Jumamosi, Finland wakaanza kazi rasmi Jumapili yake, utadhani wanagombania swichi moja.

Nikasimama, taulo shingoni, nikakohoa kikubwa. Nikawauliza kwa heshima zote: kati ya upepo, makaa na nyuklia, ni ipi inaninyoa leo? Kimya. Binti akasema baba huo siyo mjadala. Siyo mjadala! Nywele zangu!

Mke wangu ndo kaingia muda huo anatoka nje, kaniangalia juu mpaka chini, hakucheka, ambayo ni mbaya zaidi, akasema nguzo ya pale kona iliinama usiku na leo ndo imelala chini na nyaya zake. Nguzo. Imeoza. Yaani hata ungekuwa na vinu ishirini mgongoni mwa nyumba, umeme ungeishia pale kona.

Nikadhani yameisha. Mzee kanyanyuka taratibu, kamnyooshea shemeji kidole: "Na hiyo nguzo ililazwa na nini usiku? Si upepo wako huo!" Wameanza upya jamani.

Namba ya dharura nimepiga, naambiwa simu yangu ni muhimu kwao. Mkasi umepatikana, umekatia mazulia miaka yote hiyo, hata karatasi unaitafuna tu. Nimefikiria kuingia intavyuu nikiwa nimekaa kiupandeupande, niwaonyeshe kulia tu, ila mlango unaweza kuwa upande mbaya. Asilimia 6. Na binti kaja tena kuomba tochi, anataka kumchorea mjomba wake